Refa na Jicho la Mkwezi

Kwa miaka yote aliyokuwa na macho mawili mazima, Refa aliitwa kipofu kila Ijumaa baada ya alasiri. Walimwita hivyo vijana, wazee, akina mama wauza mihogo ya kukaanga kando ya uwanja, na mara moja shemeji yake mwenyewe, tena mbele za watu. Siku alipobaki na jicho moja, hakuna aliyethubutu kulitamka neno hilo tena. Watu wa Mahurunga ni waungwana. Uungwana wao ulimuuma kuliko kisu cha daktari, na mimi niliyekuwa jirani yake, ua kwa ua, ndiye niliyesikia malalamiko.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu ni Singida, serikali ndiyo iliyonileta huku karibu na mto Ruvuma, na mpira siupendi. Nalisema mapema nisije nikadhaniwa mtaalamu. Nilianza kwenda uwanjani kwa sababu Ijumaa jioni kijiji kizima kinahamia huko, na ukibaki nyumbani unabaki na kuku. Nilichokipenda si mpira. Nilimpenda yule mzee mwembamba mwenye soksi ndefu, anayekimbia ameinua magoti juu kama mtu anayevuka dimbwi, akigombana na kila mtu bila kumchukia hata mmoja.

Kipyenga chake alikifunga kwa ukanda wa kaniki. Kadi ya njano aliikata kwenye boksi la majani ya chai, na ile nyekundu ilikuwa kipande cha ndoo ya plastiki iliyopasuka. Nyekundu aliitoa kwa nadra sana, maana ndoo ilikuwa ya mkewe, na kila kadi ikipanda juu mkewe aliikumbuka ndoo yake. Ya njano aliigawa kwa ukarimu, wala si kwa wachezaji tu. Mtazamaji akimtukana kupita kiasi, Refa alisimamisha mchezo, akamfuata hadi alipokaa, akasimama mbele yake kwa heshima zote na kumwonyesha kadi. Watu walijivunia kadi hizo. Yuko muuza mihogo mmoja ambaye hata leo akijitambulisha kwa mgeni hutaja kwanza kadi yake, jina linafuata baadaye. Mimi katika miaka yangu yote ya kukaa pembeni na mwavuli sikupata hata moja, kwa kuwa sikuwahi kufungua mdomo. Mwalimu hapigi kelele uwanjani, ndivyo nilivyolelewa.

Akishaamua, ameamua. Hilo kila mtu alilijua, na ndiyo maana walimtukana kwa raha, kwa kuwa matusi hayakuwa na hatari ya kubadilisha chochote. Mwaka mmoja kiboko alitoka mtoni akakatiza uwanja mchezo ukiendelea. Wachezaji wote wakapanda mikorosho. Refa, naye akiwa juu ya mkorosho, alipuliza kipyenga na kutangaza kwamba mpira ulikuwa umeshatoka kabla mnyama hajaingia, kwa hiyo ni wa kurusha. Kiboko alipokwenda zake walishuka, wakarusha.

Uwanjani hakuongeza dakika hata ukimpigia magoti. Nyumbani mkewe alimsubiri kwa chakula mpaka ugali ukawa jiwe. Uwanjani hakusema uongo hata kidogo, lakini nenda kanunue kuku kwake uone. Aliwahi kuniuzia jogoo mzee aliyekauka sauti, akaniambia ni kijana, yuko katika kubalehe, anabadilisha sauti tu. Nilimchemsha jogoo yule asubuhi hadi jioni. Nilipomlalamikia, alinisikiliza vizuri kabisa, kisha akaniambia kwamba mechi ikishakwisha rufaa haipokelewi.

Maneno ya mpira aliyapeleka kila mahali. Kijana mmoja alipeleka posa kabla arobaini ya baba wa binti haijaisha. Refa akasema, "Huyo kaotea," na wazee wakakubaliana naye, posa ikarudi ilikotoka. Mke na mume wakigombana, aliitwa kusuluhisha. Alikaa kwenye mkeka katikati yao, akawaambia, "Chezeni mpira, msicheze miguu ya mwenzenu." Sijui kama ilisaidia, ila ndoa nyingi za mtaa wetu bado zipo.

Sasa lile jicho. Lilianza na salfa, au ndivyo tulivyosema wote. Huku kwetu kusini, ukifika msimu wa kupulizia mikorosho, unga wa salfa unaingia kila mahali, na kila mtu anatembea na macho mekundu. Ukimwona mtu anafikicha jicho humuulizi, unajua ametoka shambani. Refa alipoota kinyama cheupe pembeni mwa jicho la kushoto, tukasema salfa. Kilipokua, tukasema salfa ya mwaka huu ni kali. Msimu ukapita, macho ya watu wote yakarudi kuwa meupe, la Refa likabaki vilevile. Yeye akasema atangoja mvua ziioshe. Mganga wa zahanati alimwambia aende mjini haraka, naye akaitikia na kwenda shamba. Sisi majirani tulimwona kila siku, na hakuna aliyemshika mkono. Salfa ilikuwa jibu la kila kitu, na mtu mwenye jibu hatafuti swali.

Alipofika hospitali ya mjini Mtwara kinyama kilikuwa kimeshashika jicho. Wakampeleka Dar es Salaam. Ilikuwa saratani, ile inayoanzia kwenye ngozi nyembamba inayofunika weupe wa jicho. Walimwambia jua kali la miaka mingi ni mmoja wa watuhumiwa wakubwa, naye maisha yake yote yalikuwa juani, ama shambani ama uwanjani. Ili abaki hai, jicho lilitolewa lote.

Alirudi na jicho la bandia, zuri sana, lenye rangi iliyofifia kidogo kuliko la asili. Mkewe alisema ni jicho la mtu aliyelala vizuri. Msimu wa salfa ulipokuja tena, Refa alikuwa na jicho moja jekundu na jingine jeupe pee, na alipenda kuwageuzia wageni upande ule mweupe ili wamwonee wivu. Cha ajabu zaidi lilitoa machozi. Daktari alimweleza kwamba jicho limetolewa lakini tezi ya machozi imeachwa, hivyo asishtuke. Refa alilifurahia jambo hilo, akasema walau kitu kimoja kimebaki kikifanya kazi upande wa kushoto.

Pamoja na hayo yote alikuwa mcheshi yule yule. Ila kipyenga alikitundika kwenye msumari, nyuma ya mlango.

"Refa wa jicho moja atachezesha nusu ya uwanja," aliniambia siku nilipomuuliza. "Mimi, nangu, sipulizi mpaka niwe na mawili."

"Na mawili utayatoa wapi, mzee wangu?"

"Mwalimu, we subiri."

Vijana walikuja kumwomba, wakaja na wazazi wao, akakataa. Wakamleta refa mwingine kutoka Nanyamba, kijana mwenye kipyenga cha chuma na viatu vya kung'aa. Kijana yule alikuwa anajua sheria zote. Hakuna aliyemtukana, kwa sababu hakuna aliyemjali, na michezo ikawa inaisha kwa ngumi. Refa alikaa barazani kwake, akisikiliza kelele za uwanjani. Kila kipyenga kilipolia alitikisa kichwa na kusema, "Hiyo haikuwa faulo." Nilimwona mara nyingi katika hali hiyo na niliumia. Mtu aliyekuwa hamwongezei mwingine hata dakika moja, sasa alikuwa anaishi ndani ya dakika za nyongeza zisizo na mwisho.

Aliyemtia tumaini alikuwa mtani wake. Huyu tulimwita Mkwezi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukwea minazi ya watu. Ukoo wake na ukoo wa Refa walitaniana tangu enzi za mababu, na hao wawili walilipokea deni hilo la utani kwa moyo wote. Mkwezi aliruhusiwa kumwambia Refa lolote, akiwa mgonjwa au akiwa na wageni. Kijiji kizima kilipokuwa kinazungumza na Refa kikitazama chini, Mkwezi peke yake ndiye aliyeingia uani kwake na kusema, "Hodi, chongo." Refa alikuwa anacheka mpaka anashika ubavu. Nadhani siku hizo ndicho kicheko chake pekee kilichotoka tumboni.

Siku moja Mkwezi alirudi kutoka Kilambo, kwenye kivuko, na habari aliyoisikia redioni. Nilikuwa uani kwangu nachambua mchicha, nikasikia kila neno.

"Mtani, huko ng'ambo wamefaulu. Wametoa jicho zima la marehemu, wamempandikiza mtu aliye hai."

"Linaona?"

"Linang'aa, bwana. Limekaa vizuri kabisa, damu inapita."

Refa hakurudia swali lake. Mtu akitaka sana jambo, hujibiwa nusu akaridhika.

"Basi nikifa," Mkwezi akaendelea, "chukua hili langu la kulia. Linaona nazi iliyokomaa toka chini, hata kukiwa na mawingu. Ila nakuonya, limezoea kutazama juu. Utakuwa unachezesha mpira wa kunguru."

"Na wewe utazikwa chongo?"

"Nitasema nimelitoa sadaka."

Walicheka wote wawili. Lakini wiki hiyo hiyo Refa alinipigia hodi, amevaa kanzu safi na kofia ya kiua, akaniomba nimsindikize kliniki mjini. Alisema madaktari wanapenda mtu aje na mwenzake mwenye kusikia vizuri. Nilijua anachokwenda kuuliza.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, asiye na haraka. Alimpima jicho lililobaki, akaridhika nalo. Kisha Refa akamweleza habari ya redioni na ahadi ya Mkwezi, akasema mtani wake yuko tayari, kilichobaki ni yeye kufa tu. Daktari hakumcheka. Alivuta kiti akakaa karibu.

"Habari hiyo ni ya kweli, mzee. Waliliweka jicho, na likaishi. Lakini halikuona."

Refa akavua kofia, akaiweka gotini.

"Kinachopandikizwa siku zote ni kile kioo cha mbele tu," akasema daktari. "Hicho anawekewa mtu ambaye jicho lake lipo, ila kioo kimeharibika. Wewe jicho lote limetoka. Nyuma ya jicho kuna mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, una nyuzi nyembamba nyingi mno. Ukishakatwa, hatujajua namna ya kuziunga zikafanya kazi. Tena mtu akipewa kiungo cha mwenzake anameza dawa za kuulegeza ulinzi wa mwili, ili usikikatae. Kwako wewe uliyeugua saratani, kuulegeza ulinzi huo ni hatari."

"Kwa hiyo haiwezekani kabisa."

"Sisemi hivyo. Wapo watu wanaolifanyia kazi usiku na mchana. Nasema si leo."

Refa akairudisha kofia kichwani. "Kwa hiyo mechi haijaisha."

"Haijaisha," daktari akasema, akatabasamu. "Lakini mzee, cheza na wachezaji ulio nao. Una jicho moja zima. Livalishe kofia, livalishe miwani ya jua, uje tulitazame kila tunapokuita."

Njiani kurudi nilidhani ameelewa. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa amebeba sentensi yake. Mimi nilibeba ile ya wachezaji ulio nao, yeye akabeba ile ya mechi haijaisha. Alinunua miwani ya jua na kofia pana, akavitunza vizuri kama alivyoambiwa, akarudi kukaa barazani kungoja. Kipyenga hakikushuka msumarini. Nilimkasirikia, siwezi kuficha. Nilimwambia kwamba atakufa anangoja, naye akanijibu kwamba maamuzi ya refa hayageuzwi, hata na refa mwenyewe.

Aliyetangulia kufa ni Mkwezi. Hakuanguka mnazini kama wengi walivyomtabiria. Alikula chakula cha usiku akashiba, akalala, hakuamka.

Msiba ulikuwa mkubwa, maana hakuna nyumba ya Mahurunga ambayo hakuwahi kuiangulia nazi. Mimi nilikuwa na akina mama upande wa jikoni. Jeneza lilipotolewa ndani likabebwa mabegani, kabla halijafika kwenye njia ya makaburini, Refa alijitokeza akasimama mbele yake. Alikuwa amevaa soksi zake ndefu na kaptura ya uwanjani. Kipyenga kilikuwa shingoni. Akakipuliza kwa nguvu, na vilio vyote vikakatika.

Kwetu Singida utani upo, ila huku umekolea. Mtani ana haki ya kuzuia maiti njiani, na wafiwa lazima wampoze ndipo apishe. Kwa hiyo wabebaji walisimama, na shehe mwenyewe akasogea kando na kungoja. Mtoto mkubwa wa Mkwezi akatoka mbele kumjibu, kama inavyotakiwa.

"Mtani, unataka nini?"

"Huyu hazikwi. Kachukua jicho langu."

"Jicho lipi?"

"La kulia. Aliniahidi, na Mwalimu pale alisikia. Sasa naona anataka kutoroka nalo."

Watu wote wakanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa kwamba nilisikia. Kicheko kikaanza pembeni, cha kuogopa ogopa kwanza.

"Pokea kuku, mtani, utupishe," akasema mtoto wa marehemu, akamnyooshea tetea mwekundu.

Refa alimtazama yule kuku. "Mimi namdai jicho, wewe unanipa kuku? Kuku jua likizama hata mlango wa banda haoni."

Hapo watu walicheka, wafiwa pamoja na sisi wengine, na mjane ndani akasikika akicheka huku analia. Refa alingoja kicheko kipungue. Kisha akaweka kiganja chake juu ya jeneza, na sauti yake ikabadilika.

"Mtani, nilikwenda kwa daktari. Kasema si leo. Nangu nikasema nitangoja. Nimengoja sana, na wewe umekwenda." Akalipapasa jeneza. "Basi nakusamehe jicho langu. Nenda nalo. Huko unakokwenda hujawahi kufika, njia huijui. Mimi uwanja wangu naujua, hili moja litanitosha."

Alipuliza kipyenga mara tatu, kama mpira unapomalizika, akapisha. Machozi yalikuwa yanamtoka upande wa kulia na upande wa kushoto, sawasawa. Jeneza likapita. Refa alimpokea na yule kuku.

Ijumaa iliyofuata, Mahurunga walicheza na Kilambo, na kijana wa Nanyamba hakuitwa. Refa aliingia uwanjani na kofia yake pana na miwani ya jua, akakimbia ameinua magoti yale yale. Alikuwa amebuni mtindo wake. Alijitahidi mchezo ubaki upande wake wa kulia, na ulipohamia kushoto alizungusha shingo kama kuku anayesikia mwewe. Washika vibendera aliwaamuru wampigie kelele, wasione haya. Alikuwa anaona mengi kuliko nilivyotegemea.

Lakini uwanja ulikuwa kimya. Faulo ya wazi ikapita upande wake wa kushoto, na watu wakatazama miguu yao. Kipa wa Kilambo akaudaka mpira nje ya eneo lake, hakuna aliyeguna. Muuza mihogo mwenye kadi alifungua mdomo, akatia kipande cha muhogo. Kipindi cha kwanza kilimalizika hivyo, kama sala ya maiti. Wakati wa mapumziko nilimwona Refa amesimama peke yake katikati ya uwanja, anatuangalia, na ile furaha aliyoingia nayo ilikuwa inamtoka. Nikaogopa kwamba atarudi barazani, na safari hii hatatoka tena.

Kipindi cha pili, mshambuliaji wetu aliangushwa ndani ya eneo la hatari, kushoto kwa Refa, hatua chache kutoka nilipokaa. Alivutwa shati mpaka likachanika. Refa akaonyesha mchezo uendelee. Hakuna aliyesema kitu. Sijui mwavuli wangu uliangukia wapi. Najua tu kwamba nilikuwa nimesimama, na sauti iliyosikika uwanja mzima ilikuwa ile ninayoitumia darasani.

"Refa kipofu wewe, hiyo si penalti?"

Wanafunzi wangu walinitazama. Mwenyekiti wa kijiji alinitazama. Kipyenga kikalia, mchezo ukasimama, na Refa akaja akikimbia kwa magoti yake, akavuka mstari, akasimama mbele yangu kwa heshima zote. Alivua miwani ili anione vizuri. Akatoa mfukoni kile kipande cha boksi la majani ya chai, akakiinua juu ya kichwa changu.

"Umechelewa sana, Mwalimu," akaniambia kwa sauti ya chini.

Muuza mihogo akapiga kigelegele. Mwingine akapaza sauti kwamba Refa haoni hata kwa darubini, mwingine akauliza nani alimpa kipyenga kipofu huyu, na baada ya hapo hukuweza kumsikia aliye karibu yako. Uwanja mzima ulikuwa unamtukana, naye alirudi katikati akitembea polepole, ameinua kidevu, anatabasamu.

Penalti hakutoa.